Kulinda baiskeli za mlimani bandani: anza na sakafu, mlango baadaye

Kosa linalorudiwa kuliko yote huanzia dukani. Mtu ananunua baiskeli ya mlimani ya bei kubwa, ananunua na kufuli nene kuliko yote yaliyopo, analitundika mlangoni mwa banda, basi, kazi imeisha. Kufuli lenyewe linaweza kuwa imara kweli. Ila limepita kwenye pete, pete imeshikwa na skrubu nne fupi, na skrubu zimeng'ang'ania ubao wa milimita 15 uliopigwa na mvua na jua kwa miaka. Mwizi haligusi kufuli. Anafungua skrubu kwa bisibisi, au anachomeka mtaimbo nyuma ya pete na kuvuta mara moja, na kufuli lako linadondoka chini likiwa bado limefungwa.

Banda la mbao, la bati au la plastiki ni ganda tu. Linazuia mvua na macho ya wapita njia. Kinachoizuia baiskeli isiondoke ni kitu kizito kilichofukiwa chini ya banda na mnyororo unaokifikia. Hakuna chuma kisichokatika. Unachonunua ni muda na kelele. Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kinyume na mazoea: nanga kwanza, kisha mnyororo, kisha mlango, na vidude vya betri mwishoni kabisa. Fedha zikikata katikati ya kazi, zikate kwa mpangilio huo.

Kagua banda kwa jicho la mwizi

Kabla ya kununua chochote, shika bisibisi moja, simama nje ya banda na jiulize: nikiwa na hiki tu, naingiaje? Kila kichwa cha skrubu kinachoonekana kwa nje ni mlango. Hesabu vya kwenye bawaba, vya kwenye pete ya kufuli, vya fremu ya dirisha. Sukuma mbao za ukuta kwa goti, hasa zile za chini zilizoanza kuoza. Chungulia dirishani mchana, kisha usiku ukiwa na tochi, uone kinachoonekana.

Halafu ingia ndani utazame zana zako. Hapa ndipo watu wengi hujiumiza wenyewe: sururu, koleo, mtaimbo, mkasi wa nondo na grainda ya betri vimetundikwa ukutani kwa mpangilio mzuri, kando ya baiskeli. Mwizi aliyekuja na bisibisi anaondoka amefanya kazi ya fundi mwenye karakana. Zana za kukatia na kupindulia zihame nyumbani, au zifungiwe ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti sakafuni. Ngazi nayo ifungwe kwa mnyororo, maana inafungua madirisha ya juu ya nyumba. Kazi hii haina gharama, ifanye leo.

Nanga ya sakafuni

Nanga ni pete au kijisanduku cha chuma kigumu kinachofungwa kwenye zege ili mnyororo upite. Jinsi ya kuifunga inategemea banda limekaa juu ya nini.

Kama sakafu ni zege tayari, jua kwanza unene wake. Toboa tundu la milimita 8 kwenye kona isiyo na kazi, uingize waya uliokunjwa ncha na upime. Chini ya milimita 100, usifunge nanga hapo; zege litapasuka au kung'oka kipande kizima. Milimita 150 ni salama zaidi. Kaa angalau milimita 150 kutoka ukingo wa zege, kwa sababu bolti za kutanuka husukuma zege pembeni zinapokazwa, na ukingo hauna cha kuegemea.

Nanga nyingi huja na bolti za M12 au M16, yaani za unene wa milimita 12 au 16. Toboa kwa drili yenye kugonga, ncha ya kipenyo kilichoandikwa kwenye pakiti, na kina kilekile kilichoandikwa. Bandika utepe kwenye ncha ya drili kama alama. Baada ya kutoboa, toa vumbi: pampu ya baiskeli yenyewe inatosha, puliza, sugua tundu kwa brashi nyembamba, puliza tena, rudia mpaka kisitoke kitu. Hatua hii ndiyo hurukwa, na ndiyo huangusha nanga za gundi ya kemikali, zile ambazo bolti hushikwa na gundi badala ya kutanuka. Gundi inashika vumbi badala ya zege, na nanga inatoka mzimamzima kama jino bovu. Gundi iache ikauke kwa muda wa kwenye kopo. Kukiwa na baridi huchukua muda mrefu zaidi.

Bolti zikishakazwa, na hapo tu, ziba vichwa vyake. Kama vina tundu la pembe sita, gongelea ndani gololi ya chuma iliyozidi kidogo upana wa tundu, ikishaingia haitoki. Hakikisha nanga imekaa pale unapoitaka kabla ya kugonga, kwani baada ya hapo kuihamisha ni kuikata.

Kama banda lina sakafu ya mbao juu ya udongo, habari njema ni kwamba unaweza kutengeneza uzito wako mwenyewe, tena ukawa bora kuliko zege jembamba. Usifunge nanga kwenye mbao za sakafu hata kama bolti zimepita mpaka chini. Ubao unapasuliwa kwa mtaimbo. Fanya hivi:

1. Tafuta maboriti yanayobeba sakafu, ukate tundu la mraba katikati ya maboriti mawili, bila kuyagusa.
2. Chimba shimo la sentimita 40 kwa 40 kwa 40. Upande wa chini upanue kidogo kuliko wa juu, ili bonge la zege lisiweze kuvutwa juu.
3. Suka msalaba wa nondo za milimita 12 uukalishe katikati ya shimo, ukiacha angalau sentimita 5 hadi udongoni kila upande. Kama nanga yako ni ya kufukiwa, ipitishe chini ya msalaba huo.
4. Changanya zege la uwiano wa 1:2:3. Kwa shimo hili utahitaji saruji karibu kilo 24, yaani nusu ya mfuko wa kilo 50, mchanga ndoo moja na nusu hadi mbili za lita 20, na kokoto ndoo mbili na nusu. Maji yawe karibu lita 12, pungufu kama mchanga umelowa. Zege la majimaji ni rahisi kumimina lakini dhaifu. Vaa glavu, saruji mbichi huunguza ngozi.
5. Mimina kwa tabaka, shindilia kwa kipande cha nondo utoe hewa, na usiruhusu zege liguse maboriti, vinginevyo mbao zitaoza hapo.
6. Funika kwa gunia lililolowa na lilowanishe kwa siku 7. Kutoboa kwa ajili ya bolti subiri angalau siku hizo 7. Nguvu yake kamili zege huifikia karibu siku ya 28.

Bonge hilo linafika kilo 150 hivi. Mwizi hatalibeba, na kulichimbua ndani ya banda lenye sakafu si kazi ya dakika tatu.

Mahali pa kuweka nanga ni pa maana kama nanga yenyewe. Iweke kona ya mbali na mlango, karibu na ukuta. Mkasi wa nondo wenye urefu wa mita moja unahitaji nafasi ya kufungua mikono yake, na mshikaji anahitaji kusimama vizuri ili auelemee. Kwenye kona, nyuma ya baiskeli mbili, hapati hicho. Nanga ya ukutani inafaa pia kama banda limeegemea ukuta wa tofali gumu: toboa katikati ya tofali, kamwe si kwenye kiungo cha saruji kati ya matofali, na usijaribu kabisa kwenye tofali zenye matundu.

Mpangaji asiyeruhusiwa kuchimba naye asikate tamaa. Geuza baiskeli ziangaliane kinyume, moja usukani mlangoni na nyingine usukani ukutani, uzifunge pamoja fremu kwa fremu, kisha pitisha kati ya fremu bomba nene la chuma lililo refu kuliko upana wa mlango na ulifungie humohumo kwenye mnyororo. Lundo la namna hiyo halipiti mlangoni bila kufunguliwa kwanza. Haliko sawa na zege, lakini linashinda baiskeli tatu zilizoegeshwa kila moja na kufuli lake, ambazo hubebwa moja moja na kwenda kukatiwa kufuli huko mbele kwa starehe.

Mnyororo: unene kwanza, urefu uwe mdogo

Waya uliosukwa na kuvikwa plastiki, wa unene wa kidole, unakatwa na mkasi wa mkononi kwa sekunde. Usiuhesabu kama ulinzi. Kazi yake ni kushikilia kofia. Mnyororo wa kawaida wa duka la vifaa, ule wa kufungia geti, nao ni chuma laini. Unachotafuta ni mnyororo wa chuma kilichoimarishwa kwa moto.

Milimita 10 hukatwa na mkasi mkubwa wa nondo. Milimita 13 hufanya kazi iwe ngumu sana, ingawa mkasi mrefu kuliko yote na watu wawili wazito wanaweza kuushinda. Kuanzia milimita 16, mkasi wa mkononi hauna nafasi, na mwizi analazimika kuleta grainda. Grainda inakata chochote cha chuma, hilo tusidanganyane. Lakini pete ya milimita 16 haifunguki kwa kukatwa upande mmoja. Inabidi ikatwe pande zote mbili, kwa kelele na cheche, ndani ya banda lenye giza. Yapo pia makufuli yaliyovikwa mchanganyiko wa kauri unaokula diski za grainda. Ni ghali, na yana maana kama banda lako liko mbali na masikio ya watu.

Uzito ndio kikwazo: mnyororo wa milimita 13 una zaidi ya kilo 3 kwa mita, na wa 16 zaidi ya kilo 5. Ila huu hautembei. Unakaa bandani siku zote, kwa hiyo nunua mzito unaoumudu.

Urefu usiukadirie. Pitisha kamba kwenye nanga, kupitia fremu zote kama utakavyozifunga, ikutane mwisho, kisha pima kamba na uongeze sentimita 20. Anayenunua mita mbili "za akiba" anaishia na mnyororo uliolala sakafuni, na hapo ndipo unapokatika kirahisi: mkono mmoja wa mkasi unakanyagwa chini, mwingine unaelemewa na uzito wa mwili mzima. Pete iliyolala juu ya zege pia hupokea nyundo nzito ipasavyo. Mnyororo ubane, uning'inie juu ya sakafu.

Kwenye pakiti tafuta alama ya majaribio. Sold Secure ya Uingereza hutoa daraja za Bronze, Silver, Gold na Diamond; ART ya Uholanzi hutoa nyota 1 hadi 5; VdS ni ya Ujerumani. Angalia na kundi: Gold ya baiskeli siyo Gold ya pikipiki, na ya pikipiki ndiyo ngumu zaidi. Kwa kuwa bandani hubebi kitu, nunua vya pikipiki. Kufuli la kuunganisha mnyororo liwe la mwili ulioziba, ambapo chuma cha pete hakionekani sana, kwani mkasi hauna pa kuuma. Mnyororo wa milimita 16 uliofungwa kwa kufuli la pete ya milimita 8 ni mnyororo wa milimita 8.

Mnyororo upite wapi kwenye baiskeli

Upite ndani ya pembetatu kuu ya fremu, ile ya mbele, kisha ndani ya gurudumu la nyuma. Ukifunga gurudumu peke yake, ekseli inafunguliwa na unabakishiwa gurudumu.

Baiskeli yenye shokapu nyuma ina mtego wake. Mkono wa nyuma unaobeba gurudumu umeshikwa na bolti za pembe sita, mara nyingi za ufunguo wa milimita 5 au 6. Ukipitisha mnyororo kwenye mkono huo tu, mtu mwenye funguo hizo mfukoni anauacha umefungwa kwenye nanga na kuondoka na fremu ya mbele, uma wa gurudumu la mbele, usukani na kila kilicho ghali. Nafasi kati ya shokapu na fremu huwa finyu, kwa hiyo jaribu kwanza kwa kamba nene kabla ya kununua milimita 16. Ikishindikana, mnyororo wa 13 uliopita mahali sahihi ni bora kuliko wa 16 uliopita kwenye mkono wa nyuma tu.

Fremu za kaboni hazipendi kugongwa na chuma. Vika mnyororo tyubu kuukuu ya tairi, au ala ya kitambaa iliyokuja nao, na usiuache ukaning'inia juu ya bomba la fremu.

Tundu la ufunguo lielekee chini ili vumbi na maji yasitulie ndani. Lainisha kwa unga wa grafiti au mafuta makavu ya kufuli, si grisi. Grisi hukusanya vumbi hadi pini zinakwama.

Mlango

Sasa ndipo mlango. Lengo si kuufanya ngome, bali kuondoa wepesi: usifunguke kwa bisibisi, wala kwa mvuto mmoja wa mtaimbo.

Ondoa skrubu zote za kibamba cha kufuli na pete yake, uweke bolti za kichwa cha mviringo, zile zenye shingo ya mraba zisizo na pa kushika bisibisi wala spana kwa nje. M8 inatosha. Urefu upime: unene wa ubao, jumlisha boriti la nyuma ya mlango, bati la kuegemea la milimita 3, washa na nati. Mara nyingi inafika milimita 65 hadi 80. Hilo bati la ndani usiliache. Bila hilo nati zinavutwa kupita kwenye mbao laini, lakini bati la sentimita 10 kwa 15 linasambaza nguvu ya mtaimbo kwenye eneo lote. Tumia nati zenye nailoni ndani. Bolti ikibaki ndefu, ikate na uigonge ncha kwa nyundo ili nati isirudi.

Weka vifungio viwili, kimoja theluthi kutoka juu na kingine theluthi kutoka chini, badala ya kimoja katikati. Mlango wa mbao ulioshikwa katikati hupinda juu na chini mpaka mkono unaingia. Kama ni mlango wa vipande viwili, kipande kisichotumika kifungwe kwa ndani kwa komeo la juu linaloingia kwenye fremu na la chini linaloingia sakafuni. Kufuli la nje haliwezi kukishikilia peke yake.

Bawaba ndizo husahaulika. Kwenye kila bawaba badilisha angalau skrubu mbili kwa bolti za kupita, upande wa mlango na upande wa fremu. Kama pini ya bawaba iko nje na inaweza kugongwa itoke, toboa ukingo wa mlango upande wa bawaba, uchomeke vipande viwili vya chuma cha milimita 10 vinavyochomoza milimita 15 na kuingia kwenye matundu ya fremu mlango unapofungwa. Hapo hata bawaba zikikatwa mlango unabaki.

Wako wanaopenda kuvika mlango vyuma vingi vinavyong'aa, ili mwizi aogope. Sisi tunaona kinyume: mlango wenye makufuli manne unatangaza kwamba ndani mna kitu. Uonekane mlango wa kawaida wa banda la bustani, na uzito wote uwe ndani.

Kuta, dirisha na paa

Dirisha la banda halihitajiki kwa baiskeli. Lizibe kwa plaiwudi kwa ndani. Ukitaka mwanga, bandika karatasi ya ukungu kwenye kioo na funga nyuma yake wavu wa chuma wa matundu ya sentimita 5, kwa misumari ya U kila sentimita 15. Kuta nyembamba zivike kwa ndani plaiwudi ya milimita 12 au zaidi, skrubu kila sentimita 20. Paa lifungwe kwenye kuta kwa vibano vya pembe vya ndani. Mabanda ya bati na ya plastiki hayaimariki kwa kiasi cha maana, kwani bati lenyewe linakatwa kwa mkasi wa bati; huko kila kitu kinategemea nanga.

Alamu na vifuatiliaji

Alamu ya betri yenye kihisi cha mwendo ni nafuu na ina faida moja: inafupisha muda ambao grainda inaweza kutumika. Elekeza kihisi mbali na dirisha, maana jua linalohama na hewa ya moto huizindua bure, na buibui akijenga mbele ya kihisi hutalala usiku huo. Alamu inayolia ovyo mara tatu huzimwa na mwenyewe, na mwizi hupata banda kimya. Kihisi cha sumaku cha mlangoni hukosea mara chache zaidi.

Vifuatiliaji vidogo vya Bluetooth, kama AirTag, hutegemea simu za watu wanaopita karibu, kwa hiyo mjini hufanya kazi na porini havisemi kitu. Huionya pia simu ya mwizi kwamba kuna kifuatiliaji kinachomfuata. Usikifiche ndani kabisa ya bomba la alumini au kaboni, ishara haitoki. Chini ya kishikio cha chupa au chini ya kiti ni pazuri zaidi.

Kupanga baiskeli bila kuziharibu

Usukani wa baiskeli ya mlimani una upana wa sentimita 74 hadi 80, na ndio unaokula nafasi. Ukizipanga zote zikiangalia upande mmoja zitagongana. Pishanisha, moja mbele na moja nyuma, au inua moja sentimita 30. Baiskeli ya kawaida ina kilo 13 hadi 16 na inaweza kutundikwa kwa ndoano iliyopita kwenye boriti, si kwenye ubao. Ya umeme mara nyingi hupita kilo 20, iache sakafuni.

Ukitundika wima, jaribu breki za mafuta kabla ya kupanda. Hewa kidogo iliyokuwa juu kwenye chombo cha mafuta inaweza kuhamia kwenye laini, na mkono wa breki ukawa laini hadi kwenye mpini. Iweke baiskeli sawa, vuta mkono mara kadhaa, acha dakika chache. Isiporudi, breki zinahitaji kutolewa hewa, na dosari hiyo ilikuwepo tangu mwanzo.

Kiti kinachopanda na kushuka kwa kitufe kiache kikiwa juu. Kikiwa chini, usinyanyue baiskeli kwa kushika kiti. Aina nyingi hufyonza hewa na kuanza kulegea. Mafuta ya kunyunyiza yasitumike karibu na diski za breki: tone dogo likifika kwenye pedi, breki zitapiga kelele na kuteleza, na pedi mara nyingi haziponi.

Unyevu ni mwizi wa polepole. Banda lililozibwa kila tundu hutoa jasho usiku, na matone huangukia cheni na bolti. Acha matundu ya hewa juu na chini, yenye wavu wa kuzuia panya. Baiskeli iliyooshwa ikaushwe nje kwanza, cheni ipakwe mafuta, mirija ya shokapu ifutwe. Usiifunike kwa turubai la plastiki. Linafungia unyevu ndani. Tairi zisizo na tyubu zizungushwe kila wiki chache, na ute wake wa kuziba ukaguliwe kila miezi 2 hadi 6, kwa kuwa hukauka hata baiskeli isipotembea.

Betri ya baiskeli ya umeme iondoke bandani, ikae nyumbani kwenye chaji ya karibu nusu na mahali pa nyuzi 10 hadi 20 za Selsiasi. Isichajiwe chini ya nyuzi 0, wala bandani usiku bila mtu. Faida ya pili: baiskeli isiyo na betri haina bei kubwa kwa mwizi.

Kumbukumbu, na midomo ya simu

Geuza baiskeli uandike namba ya fremu. Mara nyingi iko chini ya krenki, wakati mwingine karibu na uma au kwenye ncha ya nyuma. Ya umeme ina namba nyingine kwenye betri. Piga picha ya namba, ya baiskeli nzima upande wa cheni, na ya kila kovu la pekee, uzihifadhi pamoja na risiti nje ya simu unayotembea nayo. Sajili namba kwenye daftari la mtandaoni linalotumika ulipo. Bima nayo isome mstari kwa mstari: nyingi zinataka kufuli la daraja fulani, banda lililofungwa, na zina kikomo cha fidia kwa kitu kimoja.

Programu za kurekodi safari, kama Strava, zinaweza kuchora ramani inayoanzia mlangoni pako. Washa kipengele cha kuficha mwanzo na mwisho wa safari, au anza kurekodi ukiwa umeshafika mbali. Picha za kujivunia zipigwe njiani, si mbele ya banda. Anayekuja kununua baiskeli yako kuukuu mkutane kwingine. Asione mpya ilipo.

Ukaguzi wa kila mwezi

Tikisa nanga kwa mguu. Ikicheza hata kidogo, itoe na uifunge upya. Shika kila nati ya mlango. Pitisha mkono kwenye pete zote za mnyororo ukitafuta mkwaruzo mpya wa msumeno, maana wapo wanaokata nusu leo na kurudi siku nyingine. Alama mpya ya rangi au kitambaa kilichofungwa getini usikipuuze, huenda mtu ameliwekea banda alama, ila usikifanye ushirikina. Jaribu alamu, badilisha betri kabla haijafa. Na ufunguo wa akiba, ule uliouweka kabatini tangu siku ya kununua, uchukue ukafungue nao kufuli lenyewe: wengi huja kugundua ni wa kufuli jingine siku ule wa kwanza umeshapotea, na grainda inayohitajika safari hiyo ni ya kwao.